Kanga ya Kufunikia Televisheni

Mwanamume akivunja uchumba, jamani, anyamaze. Ndiyo ada. Aliyeghairi ni yeye, basi alichotoa kimekwenda na maji, amwachie mtoto wa watu angalau cha kufutia machozi. Iringo nzima, mtaa wetu hapa Musoma, inalijua hilo, Mwislamu kwa Mkristo. Alawi naye alilijua. Lakini Alawi akatuma mshenga.

Mshenga mwenyewe Mzee Twalib, fundi cherehani, yule yule aliyepeleka posa. Akaja Ijumaa, watu ndiyo kwanza wanatoka msikitini, Kudura, mchumba mwenyewe, yuko barazani kwao anakaanga sambusa, wateja wamemzunguka. Mzee akakohoa, akaangalia viatu vyake.

"Mwanangu, nimetumwa. Alawi anasema mambo yamekwisha. Na vitu vyake anavitaka. Vyote."

Kudura akaingia ndani, akatoka na sanduku. Mzee akapekua, akakohoa tena.

"Anasema na kanga."

Kanga alikuwa ameivaa. Nyekundu, pindo jeusi, ameikunja upindo mwenyewe kwa mkono. Akaifungua kiunoni mbele ya watu, mafuta yanachemka, akaikunja vizuri akampa. Alikuwa na gauni ndani, ndiyo, lakini aibu haiulizi umevaa nini ndani. Wateja wengine waliinamisha macho. Wengine, wanaizaya wale, walicheka. Na jioni likaja neno alilolitupa Alawi kijiweni: eti msichana wa kisiwani, hata umvike hariri, atanuka dagaa.

Ni kweli Kudura alizaliwa Rukuba, na baba yake alivua dagaa mpaka alipofariki. Alilia wiki nzima. Halafu akaacha kulia, na hapo ndipo Alawi alipotakiwa kuanza kuogopa.

Hakuogopa. Zilikuwa enzi za ruksa, miaka ya tisini imeanza. Maduka yaliyokuwa yanauza vumbi tupu sasa yalijaa sabuni za kila rangi, na mwenye akili ya biashara alikwenda Sirari mpakani akarudi na chochote. Alawi alirudi na gemu. Televisheni alikuwa nayo, ya kuangalizia video, kwa kuwa stesheni ya kuishika Musoma hatukuwa nayo. Akachomeka mashine yake, akapanga mabenchi kwenye chumba cha mbele, na mji ukahamia kwake. Watu wazima, wake kwa waume! Makondakta, wavuvi, hata karani wa mahakama alionekana pale amejibanza.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kuna kijitu kwenye kioo, kimevaa kofia. Unashika mikononi kidude cha vitufe, wao wakikiita pedi. Kitufe kimoja kinamkimbiza, kingine kinamrusha. Basi. Anaruka mashimo, anapanda ngazi, anadandia vibao vinavyoelea hewani, kibao kikisogea na wewe usogee, ukikosea ameanguka. Na akifa huanzi pale ulipofia. Unaanzia mwanzo kabisa, kwa malipo mapya. Ndiyo utamu wake na ndiyo wizi wake.

Mwisho wa safari kulikuwa na maji mapana, na ng'ambo ya maji nyumba yenye bendera. Vibao viliishia katikati. Hakuna aliyewahi kufika ng'ambo. Kila kijitu kilipogusa maji, chumba kizima kilishika kichwa: "Amekwisha!" Mchezaji aliachia pedi, na Alawi aliinyakua palepale. "Amezama huyo, toka! Anayefuata!"

Kudura alihamishia karai lake nje ya dirisha la chumba hicho. Mama yake akamshangaa: "Wewe huna haya? Kwa huyo huyo?" Akamjibu, "Mama, wanaocheza wanashikwagwa na njaa." Kweli walishikwa na njaa, sambusa ziliisha mapema. Lakini siku ya kwanza tu pale dirishani aliona jambo. Alawi alipofunga kazi kwa ajili ya swala, aliifunika televisheni yake isiingie vumbi. Aliifunika kwa kanga nyekundu yenye pindo jeusi.

"Sawa," akasema Kudura peke yake. "Sawa, Alawi."

Tangu hapo alitaka jambo moja tu chini ya jua: Alawi avuliwe kitu mbele ya watu, kama alivyovuliwa yeye.

Njia ilimjia kutoka kinywani mwa Alawi mwenyewe. Idd ya kuchinja ilikuwa inakaribia, akataka kuvuta watu, akasimama mlangoni akatangaza: "Wallahi, siku ya Idd, atakayefika kwenye ile bendera, mashine hii ni yake! Aondoke nayo!" Watu wakapiga makofi. Thubutu, nani angefika? Alawi mwenyewe hajafika.

Kudura alikuwa na shoga yake mjini Bunda, Skolastika, waliyesoma naye. Mume wake alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na naye alikuwa amenunua mashine kama ile, na kaseti ya mchezo ule ule. Mchana yuko kazini, mashine imelala. Basi Kudura akawa anapanda basi la asubuhi, anapita njia panda ya Butiama na mfuko wa dagaa mapajani, dagaa wa Skolastika, na akifika hata chai hanywi.

"Wewe utaota vitufe," Skolastika alimcheka.

"Niote tu. Washa."

Alianguka kwenye mashimo mpaka vidole vikaota sugu. Siku alipofika kwenye maji kwa mara ya kwanza, kijitu kikatumbukia kama vya wenzake. Skolastika akashika kichwa: "Amekwisha!" Lakini Kudura ni mtu wa Rukuba. Kule mtu akitumbukia hashikiwi kichwa, anaambiwa piga miguu! Vidole vyake vikaendelea kubonyeza kitufe cha kuruka, kwa hasira tu, haraka haraka. Kijitu kikatikisika. Kikapiga teke. Kikapanda kidogo.

"Mama yangu," akanong'ona Skolastika. "Kinaogelea!"

Kudura alicheka mpaka akakaa chini. Mji mzima wa watu wanaoishi kando ya ziwa, na Alawi kwa uroho wake wa kunyakua, hakuna aliyewahi kungoja aone.

Idd ikafika. Akavaa gauni jipya, akalipa kama watu, akakaa benchi la mbele. Alawi akaangua kicheko. "Oneni dagaa imekuja kucheza!" Watu wakacheka naye. Kudura hakugeuka. Mashimo akayaruka, ngazi akazipanda, vibao akavidandia kimoja kimoja, na kicheko kikapungua mpaka zikabaki pumzi za watu. Vibao vikaisha. Kijitu kikatumbukia.

"Amekwisha!" Chumba kizima. Mkono wa Alawi tayari uko kwenye pedi.

"Toa mkono! Hajafa!"

Kudura alipaza sauti mpaka Alawi akarudi nyuma. Kijitu kikapiga teke, kikapita chini ya maji, kikaibukia ng'ambo, kikapanda, kikagusa bendera. Muziki ambao Musoma haijawahi kuusikia ukaanza kulia.

Kelele ziliezua paa. Alawi akaikumbatia mashine. "Kudura... dada yangu... mashine ndiyo ugali wangu."

Kudura akainuka, akajikung'uta gauni. "Kaa nayo. Nitatuma mtu."

Akatoka. Alawi akashusha pumzi, na ilipofika jioni alishasahau hofu yake, anatamba kijiweni kwamba mwanamke ni mwanamke, bado ananipenda yule.

Ijumaa, watu wameshatoka msikitini, chumba kimejaa, karani wa mahakama yuko katikati ya vibao, Mzee Twalib akabisha hodi. Akakohoa. Safari hii hakuangalia viatu.

"Alawi mwanangu, nimetumwa. Kudura anasema kitu chake anakitaka."

"Mzee wangu, ngoja basi huyu amalize!"

"Anasema kichukuliwe hivyo hivyo kinavyotumika." Mzee akainama, akachomoa waya, na kioo kikawa cheusi mbele ya karani na makondakta na wavuvi wote. Wengine waliinamisha macho. Wengine walicheka, na wengi wao ni wale wale. "Na anasema," akaongeza mzee, "na kanga."

Mkuki kwa nguruwe! Alawi aliivuta kanga iliyokuwa imetupwa juu ya televisheni kwa mkono wake mwenyewe, akaikunja, akampa.

Kabla mwezi haujaandama, Kudura alikuwa na chumba chake, televisheni ya kukodi, mabenchi na sambusa palepale. Kila mtu alitaka kujaribu kuogelea. Chumba cha Alawi kilibaki na buibui. Akavumilia, akavumilia, halafu siku moja ya mvua akashindwa, akaja.

Alisimama mlangoni, viatu vimejaa tope. Kudura alimwona, hakumfukuza.

"Karibu, kaka Alawi. Ila futa miguu, nimepiga deki."

Alawi akatazama chini. Pale kizingitini palitandikwa tambara jekundu la pindo jeusi, limelowa, limekanyagwa na mji mzima. Upindo wake ulikuwa umeshonwa kwa mkono. Ndani, mtu alipiga kelele kwamba kijitu kimeanza kuogelea.

Akafuta mguu wa kulia, akafuta wa kushoto, akaingia kupanga foleni.