Koti la Mlinzi

Nyumba ya Bernadina pale Ngokolo haikuwa na ua. Alikuwa amechomeka vijiti vya minyaa tangu mvua za mwaka uliopita, na vijiti hivyo, baada ya kutafakari kwa kirefu, vilikuwa vimefika magotini. Kuku walivipita chini, mbuzi walivipita juu. Sasa akaja mbwa.

Mbwa huyo, jina lake Watasema, alikuwa wa kaka yake, Athanas, mlinzi wa usiku kule Mwadui, aliyeitwa Mwanza kupimwa kifua. Athanas hakuwa na mke wala mtoto. Alimkabidhi dada yake mbwa pale stesheni, pamoja na koti lake la lindo lenye harufu ya moshi, tumbaku na jasho la miaka sita. Akamwagiza amtandikie mbwa koti hilo, atatulia. Garimoshi lilipoanza kuondoka, akatoa kichwa dirishani.

"Nikirudi nisimkute, Bernadina, sijui nitakuwa nimerudi kwa nani."

Juma lilelile bwana mifugo akatangaza kwamba kuna kichaa cha mbwa, na mbwa yeyote atakayeonekana bila kamba atapigwa risasi.

Usiku wa kwanza Watasema alilala juu ya koti, mtulivu kama mwanafunzi wa ubatizo. Lakini Bernadina alikuwa dobi. Makarani wote wa stesheni walivaa heshima iliyotoka mikononi mwake, na koti chafu ndani ya nyumba yake lilimnyima usingizi. Kulipokucha akaliloweka, akalipigapiga jiweni, akalianika, akalinyoosha kwa pasi mpaka kola, akalifungia sandukuni. Mbwa akatandikiwa gunia jipya.

Tangu hapo Watasema hakutulia tena. Aliruka minyaa kwa adabu, kama askofu anayeinua kanzu asiguse tope, akashika njia ya stesheni. Akafungwa kamba ya katani, akaitafuna. Akafungwa kwenye kinu, akaondoka na kinu. Bernadina alimfuata mara nne kwa siku akiita, "Watasema, Watasema," na jirani yake Paskalia akamjibu kutoka jikoni kwamba walikwisha kusema, tena tangu juzi. Nguo zikarundikana. Walimu wakavaa mashati ya jana. Kufikia Alhamisi Bernadina hakukimbia tena wala kukemea. Alitembea nyuma ya mbwa polepole, kama mtu aliyechelewa mazishi.

Ijumaa, siku ya kurudi kwa Athanas, bunduki ililia upande wa soko. Bernadina alikuwa akipiga pasi. Aligeuka, akaona gunia tupu.

Alifika stesheni akiwa bado ameshika pasi, makaa yakiwaka ndani. Watasema alikuwa ameketi akitazama reli. Hatua kumi kutoka kwake, askari Thobias alikuwa akiinua bunduki. Bernadina akaketi vumbini, akavua kanga ya mabegani, akamfunga mbwa shingoni, na ncha ya pili akajifunga mwenyewe kiunoni.

"Mama, huyo hana kamba," Thobias alisema.

"Kamba ni mimi, baba. Ukipiga, anza na mimi. Angalau nitalala."

Thobias alimtazama, akaitazama pasi iliyokuwa ikifuka moshi, akashusha bunduki. Akasema basi kamba hiyo isiondoke hapo mpaka mwenye mbwa aje. Kamba haikuondoka. Ilisinzia, kichwa juu ya mgongo wa mbwa.

Garimoshi la Mwanza lilipoingia alasiri, Watasema aliruka na kumburuta dada wa watu hatua tatu kabla hajaamka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Athanas alipiga goti, mbwa akamlamba uso mzima. Kisha akaiona kanga, na miguu ya dada yake iliyopasuka. "Kwani hakutulia kwenye koti?"

Bernadina akamweleza, kwa fahari kidogo iliyombakia, kwamba koti liko sandukuni, safi, limenyooshwa mpaka kola.

"Ulilifua," Athanas akasema taratibu. "Ukaondoa na harufu yangu."

Bernadina aliitazama mikono yake, ile iliyosifiwa na makarani wote, akaona ndiyo iliyobomoa ua pekee aliokuwa nao. Hakuwa na nguvu za kulia. Akampa kaka yake ile pasi aishike, akaendelea kukaa.