Saruji ya Babu Gunia

Jumanne alasiri, Babu Gunia alifika kwenye somo lake la kwanza na saksofoni ya kuazima, leso safi, na viatu alivyong'arishiwa na mkewe. Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la fundi viatu: viti viwili, kioo, dirisha lisilofunga vizuri. Jina la Gunia alilipata kiwandani, alikopakia saruji mifukoni mpaka akastaafu. Mkewe alimwomba kitu kimoja tu.

"Ulinioa bila muziki. Usinizike bila muziki."

Kwa kikohozi kile cha Babu Gunia, mtaa mzima ulijua nani angetangulia kuzikwa, lakini mama huyo hakuwa mtu wa kusahihishwa.

Mwalimu, binti mwembamba asiyecheka ovyo, alimwonyesha jinsi ya kulowesha kibanzi cha mwanzi kinachokaa kwenye mdomo wa saksofoni.

"Vuta pumzi mpaka tumboni, mzee wangu."

"Hapo kifuani haipiti, mwanangu."

"Basi puliza hiyo hiyo uliyo nayo."

Akapuliza. Sauti haikutoka. Ilitoka saruji, kijivu, laini, ikamwagika na kurundikana sakafuni kama unga chini ya chekeche. Mwalimu alisogeza kiti asichafue sketi.

"Wengine hutoa mate," akasema. "Rudia."

Babu Gunia aliisugua kati ya vidole. Ilikuwa ya kiwandani kwao kabisa. Kila mwaka daktari wa kiwanda alimwekea sikio kifuani na kumwambia, "Kifua safi. Punguza sigara." Babu Gunia hakuwahi kuvuta sigara, ila kwa kumheshimu daktari aliahidi kuacha.

Kosa lao lilikuwa mate. Saruji ilikutana na unyevu ndani ya saksofoni, na kufikia Jumanne iliyofuata chombo kilikuwa jiwe. Fundi viatu alikigongagonga kwa nyundo ndogo mpaka kikafunguka, akarudi kwenye soli zake. Tangu hapo mwalimu alitega mfuko mtupu kila somo, na ulipojaa Babu Gunia aliupiga kofi mara mbili ili saruji ishuke, kama walivyozoea wapakiaji. Kikohozi kikapungua. Akaanza kupanda ngazi huku anapiga soga. Kisha, katikati ya vumbi, ikatoka sauti, nyembamba lakini ya kweli.

Siku hiyo alipakia mifuko yake kwenye mkokoteni, akausukuma mpaka kiwandani. Wenzake wengi walikuwa bado wanakohoa. Alitaka meneja aione saruji hiyo kwa macho yake.

Meneja aliiona. Aliitazama vizuri, akaipima kwenye mizani, halafu akamgeukia kwa huzuni.

"Mzee, hii ni mali ya kampuni. Umekaa nayo miaka yote hii?"

Babu Gunia alitaka kujibu. Mdomo ulifunguka, na humo likatoka vumbi kidogo, ambalo karani alilikinga upesi kwa sahani ya chai. Daktari aliitwa. Akaweka sikio kifuani, safari hii kwa makini.

"Bado ipo nyingine," akasema.

Kampuni ikaamua kwamba masomo yaendelee mpaka saruji yote irudi, na mlinzi wa kiwanda awepo kila mara.

Ndiyo maana jioni aliyompigia mkewe wimbo, mlinzi alikaa sebuleni kati yao, mtu mzima mwenye mabega mapana, ameshika mfuko wazi chini ya saksofoni. Wimbo ulitoka mzima, na saruji ya kujaa kiganja. Mama alijifuta machozi, au vumbi.

"Haya," akasema, "sasa naweza kuzikwa."

Mlinzi aliupiga mfuko kofi mara mbili. Kisha akakohoa, kikohozi kirefu.

Babu Gunia alishusha saksofoni. "Ulikuwa mpakiaji wewe."

"Mpaka mwaka jana, mzee."

"Daktari anasemaje?"

"Kifua safi. Nipunguze sigara."

"Unavuta?"

"Niliacha," alisema mlinzi. "Sikuwahi kuanza, lakini niliacha."

Mama akampa maji. Akanywa, akashukuru, akaufunga mfuko kwa lile fundo la kiwandani na kuutupia begani. Walimsikia akikohoa mpaka kona, akiirudisha mali ya kampuni.