Kioo cha Sebuleni

Siku mama yake aliporuhusiwa kutoka hospitali, Kidoti aliamka mapema akaizunguka nyumba nzima na bisibisi mkononi. Alibandua kioo cha bafuni, akang'oa kile cha mlango wa kabati, akachukua hata kile kidogo cha kujipakia poda kilichokuwa kwenye droo. Alivifunga vyote kwenye shuka kuukuu akavipeleka kwa jirani, na alipoulizwa kulikoni, akasema wanapaka rangi. Rangi yenyewe hata hakuinunua. Kiharusi kilikuwa kimemvuta mama yake uso upande wa kushoto: mdomo umeshuka, jicho halifumbi sawasawa, shavu limelegea. Kidoti alipomwona wodini mara ya kwanza, alitoka nje akakaa kwenye ngazi akalia mpaka pua ikaziba. Hapo ndipo alipojiapiza kwamba alichokiona yeye, mama yake hatakiona.

Sasa, mama huyo hakuwa mtu wa kuishi mbali na kioo. Alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, na kazi yake yote aliifanyia mbele ya kioo kirefu cha mwenye chumba alichopanga. Maharusi walisimama pale, naye akipiga magoti na pini mdomoni, akitazama juu kuona kama pindo limekaa. Mkono ulipoanza kutetemeka alirudisha chumba, na kioo kikabaki kwa mwenyewe.

Nyumbani, Kidoti hakupata raha. Aligundua kwamba dunia imejaa vitu vinavyong'aa. Birika la chuma alilivika kitambaa. Vijiko alivibadilisha, akaleta vya plastiki. Televisheni aliiacha ikiwaka kutwa, maana ikizimwa tu inakuwa kioo cheusi. Kaka yake, fundi wa friji aliyekuwa akipita jioni kumsaidia kumwogesha mama, alimuuliza atamficha mama mpaka lini. Kidoti akamjibu kwamba yeye anakuja kwa saa moja tu na kuondoka, kwa hiyo asimpangie. Lakini neno la kaka likabaki likimkereketa.

Asubuhi moja, wakati Kidoti akimfunga vifungo vya blauzi, mama akasema taratibu, maana ulimi ulikuwa bado mzito:

"Nitafutie kioo. Cha kuweka sebuleni."

Vidole vya Kidoti vikakosa tundu la kifungo. Mama akaendelea kusema kwamba havitaki hivi vya siku hizi, vyepesi kama karatasi, vinavyomrefusha mtu kama mwanzi. Anataka kioo cha kale, kizito, chenye fremu ya mbao. Miaka yote aliwapamba watoto wa watu mbele ya kioo cha mtu. Sasa anataka chake.

Kidoti akaitikia haya, mama.

Alichelewesha alivyoweza. Mara duka limefungwa, mara miguu inamuuma. Mwishowe visingizio vikamwishia, akaenda kwa mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa akiuza samani za zamani, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Makorokoro, naye jina hilo alikuwa ameliandika mwenyewe juu ya mlango. Ndani kulikuwa na vioo ukuta hadi ukuta, na Kidoti alijiona amezingirwa na Kidoti wengine, wote wana wasiwasi.

Bi Makorokoro alipenda kazi yake. Alimweleza kwamba kioo cha kale hakichaguliwi kwa mbele tu. Kigeuze, utazame mgongo. Ubao wa nyuma ukiwa umekauka na kupauka, na misumari imeshika kutu, hapo kuna umri. Ukiwa mweupe na una harufu ya gundi mpya, huyo ni mtoto aliyevalishwa nguo za babu. Kisha usogeze kichwa polepole. Sura ikiyumba kidogo kama iliyo chini ya maji, kioo kilitengenezwa zamani. Alimwonyesha cha duara chenye maua ya dhahabu, na kingine kirefu cha fremu ya mbao nyeusi, ukingo wa kioo chenyewe umechongwa mshazari ukavunja mwanga vipande vipande, na pembe moja imemeguka.

Kidoti alisikiliza kwa nusu sikio. Alipopata nafasi akauliza, "Kipi kinaonyesha kidogo kuliko vyote?"

Bi Makorokoro akavaa miwani yake, akamtazama. Akasema wateja kwa kawaida huuliza kinyume chake. Lakini hakumdadisi. Akaenda nyuma ya kabati, akavuta kioo kilicholiwa na unyevu. Zebaki iliyopakwa nyuma yake ilikuwa imebanduka, imeacha mawingu ya kijivu na madoa meusi. Kidoti akajitazama. Alionekana kama mtu aliyesimama nyuma ya mvuke wa chungu, hana pua wala mdomo wa kueleweka. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bisibisi.

"Hiki," akasema.

Kaka yake alikibeba mpaka nyumbani, akakiegemeza kwenye kiti. Mama akaja na fimbo yake, mguu mmoja ukiburura. Hakuanza na uso. Alipapasa fremu, akachungulia mgongo, akapitisha ukucha kwenye maungio. Ndipo akasimama mbele yake. Kidoti akashika ukingo wa meza. Kaka akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mama akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kioo hiki kinaumwa kuliko mimi."

Kaka alicheka bila kutaka. Kidoti hakucheka. Mama akaketi, akamwambia mwanawe wa kiume akawashe maji ya chai, na alipokwisha kutoka akamgeukia binti yake.

"Uso wangu nimeuona, mwanangu. Niliuona kwenye dirisha la wodi, siku ya pili tu. Nikalia nikamaliza. Wewe ndiye hujautazama. Ukinisemesha unalisemesha bega langu."

Kidoti akataka kukana. Akainua macho, na kweli, yakateleza yenyewe yakaenda begani.

Kisha mama akamwambia jambo lililomkata maini. Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali alimwagiza afanyie uso mazoezi mbele ya kioo: avute mdomo, apulize shavu, akunje paji, huku akiona upande uliolala unafanya nini. Bila kuona, upande ulio mzima unafanya kazi yote na ule mwingine unazidi kusinzia. Alifika nyumbani hakukuta hata kipande. Aliona jinsi binti yake anavyovika birika nguo, akaona amwache kwanza, asije akavunjika. Alingoja. Sasa alikuwa anaogopa kungoja zaidi.

"Nimekucheleweshea," Kidoti akasema. Sauti haikutoka vizuri. "Mama, je, kama muda umepita?"

"Sijui," mama akasema. "Twende tukabadilishe hicho."

Walikwenda wote watatu, kwa teksi, kioo kimelazwa nyuma kwenye blanketi. Bi Makorokoro alimpa mama kiti akamwacha achague mwenyewe. Cha duara alikikataa, akisema kinamfanya aonekane kama picha ya kwenye mkebe wa biskuti. Mbele ya kile kirefu cha mbao nyeusi alinyanyuka. Alisogeza kichwa kulia na kushoto, akajikagua kuanzia viatu kwenda juu, jinsi alivyokuwa akiwakagua maharusi, na alipofika usoni hakuharakisha. Akaweka kidole kwenye pembe iliyomeguka.

"Hiki kinasema kweli," akasema.

Kilitundikwa sebuleni, ubavuni mwa dirisha, ili mwanga upige kutoka pembeni. Tangu siku hiyo kila asubuhi walikaa mbele yake bega kwa bega, mama akivuta mdomo na kupuliza shavu, Kidoti akifanya vilevile ili asimwache peke yake, akijilazimisha kumtazama usoni. Siku za mwanzo machozi yalimtoka, akayafuta na kuendelea. Wasiwasi haukumwacha, alikuwa akihesabu kila asubuhi aliyoipoteza yeye.

Basi siku moja, mama akiwa amevuta pumzi, Kidoti akadhani ameona ncha ya mdomo wa kushoto ikitikisika, kidogo sana. Akamshika mama mkono.

"Umeona?"

"Usinidanganye," mama akasema.

"Sikudanganyi. Rudia tena."

Mama akasogea karibu zaidi na kioo, akarudia.