Mshale Mmoja kwa Ndege Mbili

Fundi friji alikuwa mtu wa hasira za karibu. Kutwa nzima anapoza vya watu, majokofu ya dukani, viyoyozi vya maofisini, lakini yeye mwenyewe wa kumpoza hakupatikana. Jumapili hiyo baada ya chakula alikuwa amevimba kiasi kwamba mkewe aliamua kuosha vyombo taratibu, sahani moja moja, asije akamaliza mapema ikabidi arudi sebuleni.

"Nimesema hutoki," alisema fundi.

"Na mimi nimeshatoka, mjomba," alijibu mpwa wake, huku akichomeka nyaya za kompyuta yake upande wa pili wa meza ya chakula. "Kilichobaki hapa ni mwili tu."

"Mdomo huo umeupata wapi?"

"Nimeukuta humu humu ndani."

Jikoni kijiko kilianguka. Mkewe hakukiokota haraka.

Ugomvi wenyewe, kwa asiyewajua, ungemchekesha. Hawakugombania kiwanja wala mchumba. Waligombania kikosi cha ndege za vita, tena za kwenye kompyuta. Kila jioni mtu mzima huyu na binti huyu, ambaye kazi yake ni kupima watu macho kwenye duka la miwani, walikuwa wakivaa visikilizio na kurusha zile ndege za zamani zenye pangaboi puani, wakipigana na watu wasiowajua hata sura. Fundi ndiye aliyekuwa kiongozi. Mpwa aliruka ubavuni kwake, nyuma kidogo, akimlinda mgongo.

Na mchezo ule si wa kubonyeza bonyeza, usije ukadanganyika. Injini yake ina joto lake. Chini ya tumbo la ndege kuna mlango wa rejeta: ukiufungua, upepo unapita na injini inapoa, ila ndege inakuwa nzito, adui anakufikia. Ukiufunga, ndege inachomoka, ila maji yanachemka, na yakichemka sana injini inakufa ukiwa angani. Kuna mshale wa kukuonyesha. Ukigusa nyekundu, shauri yako. Wavivu wanaiachia kompyuta ifungue na kufunga yenyewe. Kwenye kikosi cha fundi hilo lilikuwa marufuku, na aliyethubutu alitukanwa mpaka akahama.

Sasa utaratibu wa hao wawili ulikuwa hivi. Anayeruka ubavuni macho yake yawe nje, kwa kiongozi na kwa adui. Mshale wa joto anausoma kiongozi. Ndege ni za aina moja, mwendo wanatia sawa, kwa hiyo mshale mmoja unatosha ndege mbili. Wake ukikaribia nyekundu, fundi anapiga kelele, "Joto! Fungua!" na mpwa anafungua. Miaka nenda miaka rudi, ndiyo kazi yake.

Halafu wiki hiyo mpwa akaitwa na kikosi kingine. Kiongozi wake, jamaa aliyejiita Bundi, alitaka binti aongoze wenzake, naye awe na mtu wake wa ubavuni. Akakubali papo hapo. Fundi alizisikia habari hizo kwenye visikilizio, mbele ya watu, kama mpita njia.

Hapo ndipo palipomuuma. Tangu dada yake alipofariki na mtoto akaja na begi lake, fundi hakuwahi kujua la kumwambia. Akikutana naye kwenye korido anauliza, "Umefunga geti?" Basi, mazungumzo yamekwisha. Lakini jioni, angani, walikuwa wanaongea. Angalau yeye aliona wanaongea. Mpwa akienda kwa Bundi, humu ndani kutabaki geti peke yake. Fundi aliogopa, tena aliogopa sana, na kwa kuwa hakujua kuogopa kwa njia nyingine, alitukana.

"Unapima macho ya watu na ya kwako hayaoni hata mshale! Bila mimi injini imekufia siku ya kwanza. Huyo Bundi atakuwa anakuimbia joto?"

"Tuone basi."

"Tuone nini?"

"Mimi na wewe. Nikikutungua, naondoka kwa amani. Ukinitungua, nabaki ubavuni na sifungui mdomo tena."

"Wee! Na wote wasikie."

"Wote wasikie."

Wakakaa, kila mtu upande wake wa meza, migongo ya kompyuta ikitazamana. Bundi na watu wa vikosi vyote viwili waliingia kusikiliza, na kelele zikawa nyingi mpaka fundi akawafokea wanyamaze. Mkewe alitoka jikoni na taulo mkononi. Akasimama katikati, kisha akaona hapo si mahali pa kusimama, akarudi hadi mlangoni.

Fundi alikuwa na mpango, na haukuwa mpango wa mjomba kwa mpwa. Angeshuka kwanza mlango wa rejeta ukiwa wazi, apooze injini yake vizuri. Kisha aufunge kabisa na kupanda juu, kupanda kwelikweli, pua ikitazama mbingu. Ndege ikipanda hivyo mwendo unapungua, upepo haupiti, joto linapaa. Mpwa angemfuata mbio mbio na macho yake ya nje. Hakuna wa kumwimbia joto. Injini ingemchemkia, na wote wangesikia.

"Leo utaijua," alijisemea.

Alishuka, akapooza, akafunga, akapanda. Mpwa akamfuata. Fundi alitazama nyuma ya ndege akamwona, mdogo, kisha si mdogo sana.

"Mjomba unakimbia?" alisema Bundi kwenye visikilizio, na wengine wakaangua kicheko.

"Nyamaza wewe, hukualikwa kuongea!"

Aliusubiri moshi mweupe utoke kwenye injini ya mpwa. Haukutoka. Ndege yake haikupanda wima kama ya fundi, ikabaki na mwendo wake, ikawa inazidi kukua, tena kwa utulivu wa kuudhi. Fundi hakugusa mlango wa rejeta. Akiufungua angefikiwa, na kufikiwa hakutaka. Acha ichemke kidogo, ya yule itakuwa imechemka zaidi. Mshale wake ukapanda, ukapanda, ukagusa nyekundu.

Na mdomo wake, uliozoea kazi yake, ukapasuka.

"Joto! Fungua!"

Watu wote walicheka kwa pamoja, na kuna mmoja aliyekohoa kwa kicheko mpaka akazima sauti. Fundi alikuwa amemwonya adui yake, na mkono wake mwenyewe umeganda, haujafungua kitu. Injini ikapiga mkoromo, mvuke mweupe ukajaa kiooni, na pangaboi likasimama wima mbele ya macho yake. Ndege ikaning'inia. Mpwa alimfikia, akampiga risasi kutoka karibu, wala hakusita.

Fundi alivirusha visikilizio mezani.

"Umeniibia! Umeiachia kompyuta ifungue yenyewe!"

"Njoo utazame."

Alizunguka meza nusura aangushe kiti. Akainama kwenye kioo cha mpwa. Mlango wa rejeta ulikuwa wa mkono, umefunguliwa robo, na mshale ulikuwa chini ya nyekundu, umetulia tuli. Alitazama tena, akitafuta wizi, akaukosa.

"Tangu lini unausoma mshale?" aliuliza.

"Tangu mwezi wa kwanza." Mpwa alikuwa ameshaanza kuchomoa nyaya.

"Mwezi wa kwanza upi?"

"Ule nilioanza kuruka. Nitawezaje kuruka bila kuusoma?"

"Na mimi je, nilivyokuwa napiga kelele siku zote hizo?"

"Ulikuwa unanikuta nimeshafungua."

"Sasa mbona hukusema?"

Mpwa alizungusha waya mkononi, akaukunja, akaukaza. Alipomtazama hakuwa na huruma, ila hata dharau hakuwa nayo.

"Ningesema uache, ungeacha," alisema. "Halafu ungeniambia nini, mjomba? Ulikuwa huna kingine cha kuniambia. Nikaona bora hilo, kuliko kukaa kimya na mtu niliyebakiwa naye."

Mkewe, pale mlangoni, aliinamisha kichwa.

Mpwa alibeba kompyuta yake kifuani na kuelekea chumbani kufunga begi. Fundi alibaki ameshika ukingo wa meza. Matusi aliyokuwa nayo yalikuwa mengi, lakini yakimtoka yangekuwa geti jingine tu la kufunga nyuma ya mpwa. Alitaka neno jingine, lolote, la mtu na mtoto wa dada yake. Alilitafuta kichwani kuanzia siku ile ya begi la kwanza mpaka leo. Kule ndani zipu ilikuwa inafungwa, naye bado alikuwa hajalipata.