Tope la Lusangi

Phonie ya Wamaza, redio ya kuitana na miji ya mbali, iko kwenye banda la Iliasi, na kila sauti inayoingia humo huja na kitu kidogo cha mahali ilipotoka. Nani asiyejua? Kasongo wakiita siku ya mvua, meza inalowa. Kabambare hutuma vumbi la pikipiki. Ndiyo maana Iliasi haachi ufagio, wala kunung'unika.

Jumamosi ni zamu ya Marcelline. Mume wake, Faradji, anachimba dhahabu Lusangi, na sauti yake humwaga tope jekundu mezani. Watu wa bandani, ambao husikia maneno ya kila mtu na hata kuyajibu, humtania: "Mama Heri, bwana yako atatujengea nyumba!" Yeye hucheka, anafuta.

Jumamosi ile sauti iliingia bila tope.

"Mama Heri, miye niko muzima. Shimo iko sawa. Musikuye kunitafuta. À vous."

Sauti ilikuwa ya Faradji kabisa, hata ile "À vous" ya kumpa mwenzake zamu, hata kile kikohozi chake. Lakini mezani ulianguka mfupa wa mbuzi wa kuchoma, pamoja na povu la bia baridi. Wamaza nzima hakuna friji. Lusangi vilevile. Friji iko Kasongo, kwa patron mwenye shimo.

"Aka!" alisema Iliasi akifuta povu. "Huyu haiko Lusangi."

Marcelline alichukua kipaza sauti. "Patron, moyo inaniuma. Baba Heri iko wapi? À vous."

"Niko muzima, nimesema," ilijibu sauti ya Faradji. "Terminé." Sauti ikakata, ukaanguka mfupa mwingine.

Ndugu za Faradji walipanda pikipiki mpaka Lusangi. Shimo lilikuwa limebomoka. Walinzi wa patron waliwakatalia kuchimba: mtu anayeongea kwenye phonie kila Jumamosi atakuwaje chini ya udongo? Wakarudi, wakachimba kaburi nyuma ya nyumba, tupu.

Jumamosi iliyofuata Marcelline alikuja na beseni. Patron alisalimia kwa sauti ya Faradji, akaaga. Kabla Iliasi hajazima, tope jekundu likaanza kudondoka, bila neno lolote, mpaka beseni likajaa. Hakuna aliyetania. Marcelline alilia, akajitwika beseni, akaenda kumwaga tope kaburini.

Patron bado anaita kila Jumamosi. Mama Heri humwitikia vizuri, humwuliza habari za afya, kwa sababu Iliasi hawashi phonie bila mtu wa kuita, tope huja phonie ikiwaka tu, na kaburi bado halijajaa.