Saa ya Baba Ilisimama Saa Kumi na Mbili

Mimi ni fundi saa, na saa ya baba ndiyo ya kwanza kunishinda.

Tulimkuta Jumanne, kitandani, ameshapoa. Daktari alisema amefariki siku mbili au tatu zilizopita, ila hawezi kuapa. Nilikuwa nimemwahidi baba kwamba nitafika Jumapili saa sita mchana. Sikwenda. Nilikuwa na kazi za watu, na mdomo wangu ni mwepesi wa kuahidi. Basi nataka kujua jambo moja tu: Jumapili ile alikuwa hai ananisubiri, au alikuwa ameshaondoka?

Saa yake ya mkononi ilikuwa imesimama saa kumi na mbili kamili. Ni ya kutia ufunguo, naye aliitia kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata ya kunawa uso. Nimeijaribu mezani kwangu mara tatu: ikijaa ufunguo hutembea saa thelathini na sita, kisha kimya. Kwa hiyo kama aliitia mara ya mwisho Jumamosi, ilisimama Jumapili jioni. Kama ni Jumapili, ilisimama Jumatatu jioni, mishale palepale. Haionyeshi tarehe.

"Kiti chake kilikuwa mlangoni," nilimwambia kaka yangu, mwalimu wa fizikia. "Alikuwa ananisubiri."

"Si ndipo alipovalia viatu siku zote?"

"Na mkate mezani haukuguswa; alitaka tule pamoja."

"Labda alishakufa. Labda hakuwa na hamu." Akashusha pumzi. "Dada, hadithi zote mbili zinawezekana. Shika ile itakayokupa usingizi, hakuna kitakachokupinga."

Nilikasirika. Jumapili ile ilikuwa moja tu. Baba alikuwa hai au hakuwa hai, si kitambaa cha dukani nichague rangi. Ukweli upo, ila koleo langu haliufikii. Nashinda peke yangu kati ya saa za watu, zote zinatembea, na nimemkumbuka baba mno.

"Haya," kaka akasema kwa upole, "tuseme alituacha usiku wa kuamkia Jumapili. Hapo si unapumua?"

Nikaitia saa ufunguo, nikaivaa. Ilinipwaya.

"Alinisubiri au hakunisubiri, kaka, sijui. Ila mimi sikwenda."