Tandala wa Jabali la Pili

Mjukuu wangu alisogeza kando bilauri yangu ya chai, akapanga picha mbili mezani. Yeye ni mtaalamu wa mambo ya kale, na idara ilikuwa imemtuma kuchunguza michoro ya jabali la pili, nililolilinda kwa miaka thelathini na mmoja.

"Hii ilipigwa mwaka ulioajiriwa, Babu. Na hii nimeipiga juzi."

Katika ya kwanza, tandala mwekundu alikuwa akifa: kichwa kimeinama, miguu ya nyuma imepishana. Kando yake mtu ameinama vivyo hivyo, miguu yake nayo imepishana. Katika ya pili palikuwa na utando mweupe na kwato nne.

"Wageni ulikuwa ukiwaambia nini?"

"Kwamba yule mtu alikuwa mwindaji, na tandala kitoweo chake."

"Kitoweo hakichorwi hivyo. Mtu huyu anakufa pamoja na mnyama. Nadhani watu wa kale walimtuma mwenzao amfuate mnyama kule aendako, kwenye mizimu, akawaombee. Lakini sasa hata kichwa hakipo, nani atajua?" Akagusa ule weupe. "Hii ni chumvi. Mwamba ukilowa na kukauka kila mara, huitoa."

Nilikumbuka ndoo yangu. Kila wageni walipokuja, nilimpangusa tandala kwa sifongo yenye maji, na wekundu ukawaka kama damu mbichi. Wageni walipiga makofi. Hakuna aliyeniagiza, wala aliyenikataza. Walinzi wa jabali la kwanza niliwaita wavivu, kwa kuwa hawakubeba maji. Wanyama wao wako vilevile hadi leo. Hati ya utumishi bora nilipewa mimi; imetundikwa juu ya mlango.

"Ndoo yako naikumbuka. Nitaandika ni mvua," alisema polepole. "Sitaki mume wangu mzee aumbuliwe magazetini. Nitampata wapi mwingine mwenye meno mawili?"

Sikucheka. Baba yake nilimchapa viboko kwa uongo wa penseli moja, nikisema mchelea mwana kulia hulia yeye.

"Mvua yaweza kufika pale?" nikauliza.

"Wewe ndiye uliyeniambia haifiki. Nilikuwa na miaka saba. Tulijikinga pale, hatukulowa hata unyayo."

Chai ilikuwa imeganda utando. Kuhusu ndoo, sikujua kuwa inaharibu. Swali la mvua nililiuliza nikijua jibu lake.

"Andika ndoo," nikasema. "Andika na sifongo. Miaka yote."

"Babu..."

"Andika."

Akafungua fomu. "Wanataka jina la mhusika na kazi yake."

"Jina unalijua."

"Na kazi?"

"Mlinzi."

Kalamu ilikawia, kisha ikaandika. Nilingoja anitanie, kama ilivyo desturi yetu. Alikusanya picha zake, akaenda kuosha bilauri.